Konrodi Zilizolala Hombolo

Nilipoliona tundu ubavuni mwa injini, jambo la kwanza nililoliamini ni kwamba fundi wetu Loisi alikuwa mwizi. Sina hakika kama nilingoja hata kuambiwa. Nimesoma chuo kikuu, na kazi yangu katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma ni kupima hoja za watu kabla hazijapelekwa juu. Lakini siku ile ilitosha harufu ya oili iliyoungua kunifanya nimhukumu mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo.

Tulikuwa tumeondoka Kolo asubuhi, katika mashindano ya klabu ndogo ya magari, na barabara ya vumbi ilikuwa ikishuka kwa kona kuelekea Kondoa. Octavian, mwenye gari, alikuwa kwenye usukani. Mimi nilikaa kushoto kwake na karatasi za njia mapajani, nikimtangazia kona kabla hazijatufikia.

"Tuta, kisha kulia kali," nilisema.

Gari liliruka tuta. Kwa kitambo kidogo magurudumu hayakuwa na ardhi, injini ikapiga ukelele wa kitu kilichoachiwa ghafla, na ukelele huo ukakatika. Sina neno la mlio uliofuata. Haukuwa mlipuko. Ulikuwa pigo moja zito, la karibu mno, kama sufuria tupu iliyogongwa kwa nyundo juu ya kichwa changu. Kisha kitu kikaupiga ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya abiria, na bati likavimba kuja ndani, karibu na kifundo cha mguu wangu. Nilivuta mguu jambo lenyewe likiwa limekwisha. Gari likaserereka kimya, moshi mweupe ukatufunika, nami nikabaki nikilitazama lile vimbe la bati, nikilitazama tu, kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

"Msomi! U mzima?" Octavian aliuliza. Ndilo jina alilonipa tangu tukiwa sekondari, na hulitumia kwa heshima na kejeli kwa pamoja.

"Sijui."

"Hujui kama u mzima? Sasa digrii ilikuwa ya nini?"

Alicheka, akashuka. Alifungua boneti, akainama, na alipoinuka alikuwa ameshika kwa kitambaa kipande cha chuma kilichokatika, cheusi kwa oili. Ubavuni mwa injini palikuwa na tundu ambalo ngumi ingepita bila kugusa kingo.

"Tazama," alisema. "Hii ndiyo konrodi ya chuma cha kufuliwa? Hii ndiyo niliyoagiza ng'ambo? Yule mwanamke amenibadilishia! Zangu kauza, mimi kanifungia makopo."

Nikatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo ilipoanzia.

Loisi ni Mgogo wa Hombolo, mtoto wa mfugaji, na watu wengi walimfahamu kwa sauti yake katika kwaya ya kanisa lao kabla ya kumfahamu kwa injini zake. Injini ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya mashine ya kusaga nafaka, iliyokufa kijijini kwao wakati watu wamepanga foleni na mtama wao. Aliifufua, wakasaga, na mama mmoja akamwambia kwamba mikono yake ni ya kiume, neno alilolikumbuka kwa kucheka kila mteja mpya alipoingia na kuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Alisomea ufundi, akafanya kazi Dar es Salaam katika gereji iliyojenga magari ya mashindano, kisha mama yake alipougua akarudi nyumbani na kufungua banda la mabati nyuma ya Majengo, jirani na wauza alizeti. Wateja wake wengi walitoka katika ile klabu yetu. Ana tabia ya kukishika kipuri mkononi muda mrefu kabla ya kusema lolote, nayo ni tabia inayowaudhi watu wenye haraka. Octavian, muuza vifaa vya ujenzi, ni mtu wa haraka.

Nilikuwapo walipochagua vyuma. Niseme kwa msomaji asiyeshughulika na magari kwamba krenki ni ule mhimili uliopindapinda ndani ya injini, unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, na konrodi ni mkono unaoiunganisha pistoni na mhimili huo. Injini yetu ilikuwa na mikono minne. Ile iliyotoka nayo kiwandani ilitosha kwa gari la kwenda sokoni. Kwa injini iliyoongezwa tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, na kudaiwa nguvu mara mbili, ilikuwa lazima itafutwe mingine.

"Nataka krenki ndefu," Octavian alisema. "Ile inayoipa pistoni safari kubwa zaidi. Jamaa wa Iringa wanazo."

"Bosi, unataka kung'oa visiki au unataka kumaliza Kondoa?" Loisi aliuliza.

"Vyote."

"Basi sikiliza. Ukiirefushia pistoni safari, itabidi ikimbie zaidi kwa mizunguko ileile. Na ikifika juu, nani anayeirudisha? Ni konrodi. Konrodi haifi kwa kusukumwa, bosi. Inakufa kwa kuvutwa."

"Nani kakwambia?"

"Zilizokufa." Akaonyesha kwa kidevu ndoo iliyojaa vipande.

Mimi nilicheka. Octavian hakucheka sana. Loisi akaendelea, sasa akinielekea mimi kana kwamba nami nilikuwa mnunuzi. "Kaka Denis, barabara mnazokimbilia zina matuta. Gari likiruka, injini inakosa mzigo, inapanda yenyewe. Hapo pistoni inataka kuondoka kabisa, na konrodi inaambiwa: mrudishe. Ndiyo maana mimi sihangaiki na urefu. Nahangaika na chuma, na bolti zinazokishika."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Hatimaye Octavian alikubali krenki ya chuma cha kufuliwa yenye safari ileile ya kiwandani, na konrodi nne za chuma cha kufuliwa, zile zenye umbo la herufi H, pamoja na bolti ambazo Loisi alizitaja kwa jina na kukataa mbadala wake wowote.

"Kwa hiyo nibadilishe krenki nipate urefu uleule?" Octavian alilalamika. "Faida yake nini?"

"Faida yake ni usingizi, bosi."

Vyuma vilipofika, Loisi alivitoa katika karatasi zake za mafuta kimoja kimoja na kuvipima uzito kwa mizani ya kidijiti. Vililingana. Sikutarajia kwamba kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kufichwa ndani ya injini kingeweza kuwa kizuri hivyo. Vilikuwa vyeupe kama samaki wabichi, laini, bila kovu hata moja.

Mwili wa injini ulikuwa bado kwa mchonga vyuma, ukitanuliwa silinda zake, na juma lilelile wezi wakavunja gereji ya jirani na kuondoka na vipuri vya watu. Octavian alikuwa safarini Mbeya. Kwa simu alimwambia Loisi aziweke konrodi mahali anapopaamini, na Loisi akasema anapopaamini ni kwao. Nilimpeleka mimi kwa gari langu. Krenki ilibaki mjini kwa mchonga vyuma, kwa sababu alihitaji kuipima pamoja na mwili wa injini.

Baba yake, Mzee Zablon, alitupokea zizini. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili cha polepole kinachochagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akizitazama zile konrodi mikononi mwa bintiye.

"Hivi ni nini?"

"Ni mikono ya injini, baba. Ya rafiki wa huyu kaka Denis."

"Ni ya kwako?"

"Si ya kwangu. Ni ya watu. Italala hapa mpaka nitakapoifuata."

"Watu wenyewe wanakuamini?"

Loisi alinitazama, kisha akasema, "Wanasema mafundi hubadilisha vipuri. Lakini wananiamini."

Mzee aliipokea moja, akaipima kwa kiganja, akairudisha. "Basi ilale," alisema. Tulikunywa maziwa ya mgando, tukaondoka, na nilikuwa nimekwisha kuzisahau zile konrodi kabla hatujaifikia lami. Injini ilifungwa nikiwa kazini Morogoro. Niliporudi, gari lilikuwa tayari, na Octavian alikuwa na haraka kuliko nilivyopata kumwona.

Sasa turudi kwenye tundu.

Gari lilivutwa hadi Dodoma, na neno "mwizi" lilifika kabla yetu. Kesho yake banda la Loisi lilikuwa limejaa watu. Alikuwapo Habibu, fundi wa gereji ya pili kutoka kwake, Mrangi mwenye mzaha usiokatika. Na alikuwapo Optatus, katibu wa klabu, aliyekuja na uso wa mtu aliyekwisha kuamua lakini anataka kuonekana anasikiliza.

"Mama," Optatus alimwambia Loisi, "mimi nikirudi klabuni na kusema umebadilisha vipuri vya mwanachama, hakuna gari litakaloingia tena hapa. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Una la kusema?"

"Ifunguliwe mbele yenu."

"Aifungue nani? Wewe?" Octavian alidakia. "Ili ubadilishe tena?"

"Afungue Habibu," Loisi alisema.

"Mie nikifungua nitakuta Mgogo kajificha humo ndani na mbuzi wake," Habibu alisema, na watu wawili watatu wakacheka kwa woga. Lakini aliifungua. Aliilaza injini kichwa chini, akatoa sahani ya oili, akafungua bolti, akazipanga mezani konrodi tatu zilizosalia na vipande viwili vya ile iliyokatika. Nembo ya kiwanda ilikuwapo kwenye zote. Optatus aliiona, akamgeukia Octavian.

"Nembo hii hapa."

"Nembo siku hizi inaghushiwa hata ya sabuni," Octavian alijibu. "Chuma halisi hakikatiki hivi. Mwenyewe alisema ananiuzia usingizi!"

Ni kweli kwamba kipuri bandia huvaa nembo ya kipuri halisi, na kwa macho matupu mtu hawezi kuapa. Nilimtazama Loisi. Nilitegemea apige kelele, au alie, au ataje mashahidi. Alisimama mikono nyuma, kimya, na kimya kile nilikisoma kuwa ni cha mwenye hatia. Nakiandika kama nilivyokisoma.

Ndipo Mzee Zablon akaingia. Jirani wa Hombolo aliyekuwa sokoni alikuwa amempigia simu kwamba binti yake ameitwa mwizi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mbukwenyi!" alituamkia wote kwa Kigogo, nasi tukamwamkia shikamoo, hata Octavian.

Loisi alimfuata haraka mlangoni. "Baba, umetoka mbali. Njoo ndani unywe chai."

"Chai itakuwapo. Viko wapi vyuma?"

"Baba, haya ni mambo ya kazi. Tutazungumza nyumbani."

"Viko wapi vyuma, Loisi?"

Akamshika mkono kabisa, kwa nguvu ambayo si ya adabu, na bado mzee alimpita. Niliona haya kwa niaba yake. Nilidhani hataki baba yake aone aibu ya nyumba yao. Mzee alifika mezani, akachukua konrodi moja, akaifuta oili kwa ukingo wa koti lake la kanisani, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Kisha akatabasamu. Mpaka leo tabasamu lile linanijia nikiwa katikati ya shughuli nyingine.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ni yako vipi, mzee?" Optatus aliuliza.

"Njooni muone."

Tukasogea. Kwenye ukingo mmoja wa mkono wa chuma palikuwa na mikato miwili midogo iliyokaa sambamba, na kwenye ukingo wa pili mkato mmoja, wa chini kidogo. Niliwahi kuiona alama hiyo, ingawa sikujua kwamba naiona: ilikuwa masikioni mwa ng'ombe wote wa zizi lile la Hombolo.

"Kwetu," mzee alisema, "mtu anaweza kukuletea ng'ombe wake akae kwako. Miaka. Unakunywa maziwa, yeye anabaki mwenye ng'ombe. Sasa, ng'ombe wa watu akilala zizini mwako, unamwekea alama. Ili siku ya kumrudisha asiseme mtu, huyu siye, umembadilisha. Unaelewa, kijana? Alama si ya kumfanya awe wako. Alama ni ya kukulinda wewe unayemtunza. Hivi vyuma vililala kwangu. Binti yangu aliniambia watu wanasema mafundi hubadilisha. Nikachukua tupa ninayonolea majembe, nikaweka alama. Vyote vinne. Kazi ngumu, chuma kile ni kikaidi! Lakini nikaweka."

Akazichukua zilizosalia, moja moja, akatuonyesha. Miwili na mmoja. Miwili na mmoja. "Hazikubadilishwa," alisema. "Sasa nani atamwita mwanangu mwizi?"

Kwanza nilidhani shauri limekwisha. Kisha nikamwona Habibu. Alikuwa ameviokota vile vipande viwili na kuvikutanisha, na mzaha ulikuwa umemtoka usoni kama maji yaliyomwagwa. Nilichungulia juu ya bega lake. Chuma kilikuwa kimekatika hasa kwenye ule mkato mmoja wa chini. Uso wa mvunjiko ulianza laini pale pale kwenye mkato, ukaenda mistari kwa mistari kuelekea katikati, kisha ukawa umeparurika kwa ghafla. Hata mimi, niliyesomea historia, niliona mahali kifo kilipoingilia.

Habibu alifungua kinywa.

"Habibu," Loisi alisema. Jina tu.

Habibu akakifunga. Akavilaza vipande mezani, akageuza upande wa mvunjiko chini.

"Na hii iliyokatika," mzee aliuliza, bado anatabasamu, "imekatika kwa nini?"

Nilimtazama Optatus, naye akatazama viatu vyake. Nje mtu alikuwa akipakua magunia ya alizeti na kuhesabu kwa sauti.

"Chuma huchoka, baba," Loisi alisema.

"Huchoka? Chuma?"

"Huchoka. Kama ng'ombe wa jembe."

"Basi mngempumzisha," mzee alisema, akacheka, na sisi wote tukacheka kwa sauti kubwa kupita kiasi. Octavian ndiye aliyenishangaza. Alimwendea mzee, akaishika mikono yake miwili, akasema, "Nimekosea, mzee wangu. Binti yako ni mwaminifu. Naliondoa neno langu mbele ya wote hawa." Hakutaja mkato. Hakudai chochote. Nilimheshimu sana dakika ile. Niliona rafiki yangu ana moyo mkubwa kuliko nilivyomdhania, kwamba amekubali kuipoteza injini ili mzee arudi Hombolo na furaha yake. Optatus naye alitamka kwamba klabu haina tatizo na fundi Loisi.

Mzee alipokwenda kunywa chai, nilimvuta Habibu pembeni.

"Mkato mdogo vile?" nilimuuliza. "Kwenye chuma kama kile?"

"Umewahi kumwona muuza vitambaa hapo Majengo? Anakata kidogo pembeni kwa mkasi, halafu anavuta kwa mikono, kitambaa chote kinachanika. Bila ule mkasi, vuta mpaka kesho, hakichaniki." Akashusha pumzi. "Mzee kaweka mkasi, kaka. Gari lilipokuwa linaruka, pistoni ikawa inavuta."

Nilikwenda nyumbani nikiwa kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Kitu kilekile kilichomtoa Loisi katika wizi ndicho kilichotoboa injini, na ndicho kilichonifikia karibu na kifundo cha mguu. Baba mmoja, kwa tupa ya majembe na kwa upendo usio na dosari, alikuwa karibu kuniua, na alikuwa ameondoka akiwa amefurahi, na sisi sote tulikuwa tumemsindikiza kwa heshima. Sikujua nimkasirikie nani. Nilijaribu kuandika jambo hili wakati ule nikashindwa, kwa sababu kila sentensi niliyoianza ilimfanya mtu mmoja kuwa mkosaji, na hakuna aliyeonekana kustahili.

Kulikuwa na swali nililokuwa nikilikwepa. Loisi ndiye aliyezitia konrodi zile kwenye krenki, yeye anayeshika kipuri mkononi muda mrefu kabla ya kusema lolote. Ingewezekanaje asiione mikato? Nilijiambia kwamba haraka ya mashindano ilimpofusha. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo, na mimi, kama nilivyokwisha kusema, huamini kwa urahisi.

Zabibu za Hombolo zilikuwa zimekwisha kuvunwa nilipokwenda tena bandani kwake. Kazi zilikuwa nyingi. Alikuwa akimweleza mteja kwa nini krenki aliyoileta irudi ilikotoka, na mteja alikuwa akinung'unika. Mteja alipoondoka, nilimwambia nilichokuja kumwambia: kwamba siku ile barabarani niliamini ni mwizi, na naomba radhi.

"Hilo nalijua, kaka Denis. Ulikuwa na uso wa kuamini." Hakusema kwa ukali. Alijifuta mikono, akanivutia kigoda. "Mzee anakusalimu. Anamwambia kila mtu pale kijijini kwamba alama yake iliniokoa."

"Ni kweli iliokoa."

"Ni kweli. Ndiyo maana sitamwambia lingine." Akanitazama kama anavyotazama vyuma. "Lakini nami nina swali. Limenikaa tangu siku ile. Naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Kwa nini ulikubali kupanda?"

Sikumwelewa. Nilimwambia kwamba huwa napanda kila mara. Mimi ndiye ninayesoma njia.

"Siulizi kila mara. Nauliza safari ile. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua nini?"

Loisi aliketi juu ya tairi. Alianza kusema polepole, na kadiri alivyosema ndivyo uso wake ulivyobadilika, kwa maana naye alikuwa akigundua jambo kwa kulisikia kinywani mwake.

Aliiona mikato siku ileile alipozifuata konrodi Hombolo. Alimpigia Octavian, naye akaja bandani, akaishika moja, akapitisha kidole. Loisi alimwambia konrodi hizo haziwezi kufungwa, ziagizwe nyingine, na kosa ni la nyumba yao, watalibeba. Octavian akasema zikiagizwa nyingine mashindano yatapita. Loisi akakataa. Octavian akasema basi atazichukua hivyo hivyo ampelekee fundi mwingine, ambaye hatajua hata kuilainisha ile mikato. Ndipo Loisi alipoilainisha kwa jiwe kadiri alivyoweza, akazifunga, akamwomba asiizidishie injini mizunguko na asirushe gari kwenye matuta. Octavian aliahidi yote. Na siku ile alipomwita mwizi mbele ya watu, Loisi hakusema lolote, kwa sababu kila neno la kujitetea lingemfikia baba yake.

"Lakini nilimpa sharti moja," alisema. "Nilimwambia, wewe ni gari lako na shingo yako. Yule anayekaa kushoto aambiwe kabla hajapanda. Nikamwambia sitoi ufunguo mpaka aambiwe."

"Akasemaje?"

"Alirudi kesho yake. Akasema amekuambia yote, na amekutumia picha za mikato kwa simu. Akasema umecheka, umekubali, na umesema mimi nina woga wa kike." Akatazama chini. "Nikampa ufunguo."